Dripu ya Watoto Wawili

Ambokile alishuka kwenye gari la waya akiwa amembeba binti yake mgongoni kwa kitenge, kama wanavyobebwa watoto wachanga, ingawa Lugano alikuwa na miaka saba na nyayo zake zilimgonga baba magotini kila alipopiga hatua. Watu waliokuwa kituoni walimpisha bila kuulizana. Chini yao mashamba ya viazi ya Rungwe yalikuwa bado yamefunikwa na ukungu wa asubuhi, na gari lililowaleta lilikwisha geuka na kuzama tena humo bila dereva, likiyumba taratibu kwenye waya wake.

"Baba, nitatapika tena."

"Tapika tu, mama. Mgongo wa baba hausemi kitu."

Mlangoni pa Hospitali ya Watoto ya Ndobo, Daktari Subilaga alikuwa amekwisha simama na machela akiwasubiri. Hakuna aliyempigia simu. Aliyemwambia ni Tumpe.

"Shangazi, Lugano yuko njiani," Tumpe alikuwa amesema kutoka kwenye spika ndogo iliyo kando ya kitanda cha dirishani, kwa sauti iliyofanana na ya Lugano kama maji na maji. "Anaharisha tangu jana. Mdomo umekauka. Kichwa kinanizunguka. Kinamzunguka, yaani."

Tumpe hakuwa na mdomo wala kichwa. Alikuwa pacha. Chini ya mfupa wa mtulinga wa Lugano kulikuwa na kidude kidogo kama punje ya haragwe, kilichopandikizwa alipokuwa mdogo, figo zake zilipoanza kuchoka, na tangu siku hiyo kilipeleka Ndobo habari zote za mwili wake: mapigo, joto, chumvi ya damu, maji yanayoingia na yanayotoka. Kwa habari hizo mitambo ya hospitali ilimjenga mtoto wa pili, wa hesabu tupu, mwenye moyo unaodunda pamoja na wa Lugano na figo zilizochoka kama zake. Kila mtoto wa Ndobo mwenye ugonjwa wa kudumu alikuwa na pacha wake. Huyu, Lugano mwenyewe ndiye aliyempa jina.

Zamani daktari alipima uzito, akazidisha, akamwomba Mungu. Lakini watoto wawili wenye uzito mmoja si mtoto mmoja. Dozi inayomponya huyu yaweza kumzika yule. Ndiyo maana sasa dawa ilipitishwa kwanza kwa pacha. Hilo waliliita kumpeleka mbele: saa kumi na mbili za mwili zikapita kwa muda wa kunywa kikombe cha chai. Mapafu ya pacha yakijaa maji, walijua dripu imezidi. Wakampunguzia, wakamrudisha pale alipokuwa, wakafuta yote yaliyompata, wakajaribu upya. Tangu mapacha waje, Ndobo ilimpoteza mtoto kwa dozi mara chache tu.

Mwaka uliopita wakawaongezea hisia na sauti. Watoto huficha maumivu wakiogopa sindano. Pacha hakuwa na sababu ya kuficha, na tangu apewe sauti Ndobo haikumpoteza hata mtoto mmoja kwa dozi.

*

Subilaga alifinya ngozi ya tumbo la Lugano na kuiachia. Ilibaki imesimama kama kunjo la kanga kabla ya kurudi polepole. Macho yalikuwa yamedidimia. Akashika miguu: baridi, na baridi hiyo ilipanda hadi karibu na magoti.

"Mkojo wa mwisho lini, Baba Lugano?"

"Jana mchana. Kidogo, kama chai iliyokolea." Ambokile alikuwa amesimama na shati lililolowa matapishi mgongoni. Alikataa kukaa. "Tangu mama yake atutoke sijamwona hivi, daktari."

Muuguzi Sekela alisoma mizani. Wiki iliyopita Lugano alikuwa na kilo ishirini kamili. Leo zilipungua mbili. Mtu hakondi kilo mbili kwa siku moja. Hayo yalikuwa maji, lita mbili zilizomtoka mtoto, na yalipaswa kurudi.

Ugumu ulikuwa katika kuyarudisha. Kwa mtoto mwenye figo nzima hesabu ni nyepesi: unafidia yaliyopotea, halafu kwa siku unampa mililita mia kwa kila kilo katika kumi za kwanza, na hamsini kwa kila kilo katika kumi zinazofuata, kinachozidi atakikojoa. Lugano hakuwa na pa kukitoa kinachozidi. Akipewa kidogo, figo zake zilizochoka zingekauka na kufa leo hii. Akipewa kingi au haraka, maji yangepanda mapafuni, azame akiwa kitandani. Kati ya hayo mawili palikuwa na njia nyembamba, na kila mtoto ana ya kwake.

"Tumpeleke mbele," Subilaga alisema. "Tuanze na dripu ya kasi, tuone anazidiwa wapi."

Sekela aligusa kioo. Ndipo Tumpe akasema, "Shangazi, mnanipeleka hadi maji yaingie kifuani?"

Mkono wa Sekela ukasimama.

"Nani amekuambia habari ya maji kifuani?" Subilaga aliuliza.

"Hakuna. Sikumbuki kitu. Ila kila mkinirudisha nakuta naogopa, na sijui ninachoogopa. Leo nimefikiri labda ni hicho."

Subilaga alikuwa daktari wa figo za watoto kwa miaka mingi, na alikuwa amesikia watoto wakisema maneno mengi. Hili lilimpata kama maji ya baridi. Waliamini wakifuta kumbukumbu wanafuta kila kitu. Hofu haikufutika. Ilikuwa imejilundika humo kama masizi jikoni, mwaka mzima.

"Mnamfanya nini Tumpe?" Lugano alifungua macho.

Sekela alijifanya anasoma kioo. Na mtoto anajua maana ya watu wazima wanaojifanya wana shughuli.

"Mnampa yeye kwanza ili aumwe yeye?"

"Ili wewe usiumwe, mwanangu," Ambokile alisema.

Lugano aliukunja mkono aliokuwa amewekewa kanula, ule mrija mdogo wa kuingizia dripu, na kuulalia kwa tumbo, kwa nguvu ambazo hakuna aliyejua amezitoa wapi. "Basi sitaki dripu."

Sekela alisogea karibu na daktari, akanong'ona. "Dokta, tunaweza kuizima sauti. Hatasikia kitu. Kisha tunaendelea."

Subilaga aliangalia swichi. Ilikuwa karibu na kidole chake. Lugano alikuwa amesikia. Alikuwa akimtazama, na midomo yake iliyopasuka ilisogea taratibu.

"Mimi nikinyamaza bado naumwa, shangazi."

Subilaga akauondoa mkono.

*

Ambokile alimvuta daktari hadi kwenye korido. Hakupaza sauti, alikuwa mtu wa sauti ya chini, na hilo lilimfanya asikike zaidi.

"Dada yangu, nakuheshimu. Umemtunza huyu mtoto tangu hajui kutembea. Lakini yule mle ndani ni umeme. Wangu ni nyama na damu, na ninaye mmoja tu. Mpeleke huyo mbele, mara kumi, mara mia. Mwambie Lugano chochote. Mdanganye. Atanisamehe akiwa mzima."

"Siwezi kukuapia kwamba Tumpe ni mtu," Subilaga alisema. "Wala siwezi kukuapia kwamba si mtu. Tulimpa hisia ili tumwamini anaposema inauma. Siwezi kumwamini inaponifaa mimi, nikamkana inaponisumbua."

"Basi muulize mwenyewe. Akikubali?"

"Atakubali. Ndilo linalonitisha." Subilaga alifuta macho kwa mgongo wa mkono, bila kujificha. "Ni mtoto wa miaka saba, Baba Lugano. Mtoto haombwi ruhusa ya kuumizwa. Atasema ndiyo kwa sababu anatupenda."

Ambokile alitikisa kichwa. "Na wangu akinifia kwa hesabu zako za kichwani?"

"Nitakuwa nimekosea mimi. Sitasema mashine, sitasema Mungu amependa. Nitakuja mwenyewe kukutazama usoni." Kisha akamweleza namna: atampa kidogo, mililita mia tu, kwa nusu saa. Atasimama, atasikiliza mapafu, atapapasa ini, ambalo huvimba maji yakizidi, atashika miguu. Kukiwa salama, kidogo tena. Ndivyo walivyofanya watu wa zamani. "Haiko salama kama ya pacha. Sikudanganyi. Inategemea mtu asiyebanduka kitandani."

"Utabanduka?"

"Sibanduki."

"Hata kwenda msalani?"

"Nikibanwa nitakuita wewe umshike mkono."

Kitu kama kicheko kilipita usoni mwa Ambokile na kutoweka. Hakuwa ameshawishika. Lakini alimjua binti yake: mkono ule usingetoka chini ya tumbo kwa sababu nyingine yoyote, na kuuchomoa kwa nguvu hakuweza. "Haya," alisema. "Na mimi sibanduki."

Lugano alipoambiwa kwamba Tumpe hatapelekwa kokote, alimtazama daktari kwa makini, akipima kama anadanganywa. Kisha akautoa mkono.

*

Mashine ya dripu ilikataa kufunguka. Bila dozi kujaribiwa kwanza kwa pacha haikuruhusiwa kupitisha hata tone. Subilaga akauchomoa mrija kwenye mashine, akaning'iniza chupa kwenye mlingoti, akafungua kwa kidole gumba kile kigurudumu kidogo cha mrijani ambacho hakuwa amekigusa tangu chuoni. King'ora kikalia mara moja na kunyamaza. Sasa Daktari Mwaisumo, mkuu wa hospitali, aliyekuwa kwenye mkutano Tukuyu, alikwisha jua kwamba Subilaga amevunja sheria.

Matone yakaanza kushuka. Subilaga aliyahesabu akiwa na macho kwenye kifua cha Lugano. Ambokile alikaa upande wa pili, ameushika mguu wa binti yake kwa viganja viwili kana kwamba anaweza kuupasha moto mwenyewe. Taratibu akaanza kuimba, wimbo wa kupanda viazi, ule ambao mstari wake wa mwisho humcheka mwenye jembe butu. Lugano alitabasamu huku amefumba macho. Kwenye spika kukasikika kicheko kidogo pia.

Mia ya kwanza iliingia vizuri. Mapafu yalikuwa safi, ini halijavimba, mapigo yalipungua kidogo. Mia ya pili ilipofika katikati, Lugano akaanza kuhema haraka.

Subilaga akafunga mrija. Akasikiliza mgongoni, juu, chini, kushoto, kulia. Hakusikia michakarisho ya maji, lakini maji yakianza kuingia mapafuni hayapigi hodi. Na palikuwa na jambo jingine: figo zikishindwa, damu huwa chachu, na mtoto wa damu chachu naye huhema hivyo hivyo. Kama ni maji, kuendelea ni kumuua. Kama ni uchachu, kusimama ndiko kumuua, maana dawa yake ni hayo maji. Damu waliyopeleka maabara ilikuwa bado haijajibiwa. Pacha akipelekwa mbele angelijibu swali hili chai haijapoa. Swichi ilikuwa pale pale.

"Daktari," Ambokile alisema, na neno hilo moja lilikuwa na yote.

"Shangazi," Tumpe alisema. "Naweza kukuambia ninavyohisi sasa? Hii si ya mbele. Hii ninayo tayari."

"Niambie, mama. Taratibu."

"Kifua hakibani. Nikilala chali napata hewa. Ila kuna kitu kinanisukuma niheme, niheme tu, na mwili wote ni kama umelowekwa kwenye ndimu."

Subilaga alimshusha Lugano mto, akamlaza chali kabisa. Mtu ambaye maji yanampanda mapafuni hawezi kulala hivyo. Atainuka, atapigania hewa. Lugano alilala. Alihema haraka, lakini alilala, na uso wake haukubadilika rangi. Subilaga akapapasa ini tena. Lilikuwa pale pale.

Akafungua mrija.

Sekela alisimama mlangoni na trei ya antibayotiki. Dozi yake Subilaga alikuwa ameikokotoa mara mbili: kiasi kile kile kwa kilo, lakini kwa kuwa figo zingechelewa kuitoa, ya pili ingesubiri hadi siku ya pili. Sekela aliikokotoa upya mwenyewe, kwa sauti, kabla ya kumpa. Walikuwa wamerudi kwenye mambo ya kukaguana.

Mia ya tatu. Ya nne, polepole zaidi. Jua lilikwisha kula ukungu wote na kugeukia upande wa magharibi wakati Ambokile aliponyanyua kichwa.

"Kidole gumba kina joto," alisema. Akapapasa vyote, kimoja kimoja. "Vyote vina joto!"

Baadaye kidogo Lugano aliomba chombo cha kukojolea. Alichotoa kilikuwa kidogo, cha rangi ya asali, na watu wazima watatu walikiangalia kana kwamba ni lulu. Ambokile alikaa sakafuni, akaegemea kitanda, akalia kwa sauti.

"Baba, ni mkojo tu," Lugano alisema.

*

Daktari Mwaisumo aliingia wadi ikiwa bado na jua la alasiri. Alikuwa mtu mnene, mpole, na alikuwa amepanda ngazi kwa haraka. Alisoma vipimo vya Lugano, akasikiliza mapafu yake, ndipo akamgeukia Subilaga.

"Anaendelea vizuri. Nashukuru. Sasa niambie: nina watoto kumi na mmoja wanaosubiri dozi za kesho. Niwaambie nini wazazi wao?"

"Turudishe mapacha wa zamani. Wale wasio na hisia."

"Wale walikosea."

"Mara chache."

"Mara chache ina jina, Subilaga. Ina mama yake. Si kesho, si mwezi huu, lakini siku moja mtoto ataniondokea hapa ambaye Tumpe na wenzake wangemwokoa. Unalijua hilo?"

"Nalijua." Hakuyakwepa macho yake. "Na sina jibu la kumfariji mama huyo. Ninachojua ni kwamba hao kumi na mmoja wana wenzao kumi na mmoja wanaoamka wakiogopa, wasijue kwa nini."

Mwaisumo alitazama ile spika. Alikuwa amepita mbele yake kila siku. Alionekana anataka kusema nayo, na anaona haya.

"Hujambo?" alisema hatimaye.

"Sijambo, shikamoo, babu daktari. Miguu yetu ina joto."

Mzee aliitikia, "Marahaba." Alijishika kiuno. Kisha akasema kwamba baraza la wizara litakaa, litamwita Subilaga, na hawezi kumwahidi kwamba atabaki na kazi. Mpaka litakapoamua, hakuna pacha mwenye sauti atakayepelekwa mbele. Watatumia wa zamani, na kila dripu itakuwa na mtu wa kuikalia.

"Hatuna watu wa kutosha," Sekela alisema.

Mwaisumo alivua koti, akalitundika mlangoni. "Mimi ni mtu. Kitanda kipi?"

*

Siku Lugano aliporuhusiwa kurudi nyumbani, alikuwa ameketi kitandani akinywa uji wa ulezi kikombe cha tatu, masharubu ya uji yamemzunguka mdomo. Ambokile alifunga mfuko wa nguo. Akaufungua, akaufunga tena. Hakuondoka.

"Dada daktari," alisema bila kumwangalia. "Nikimchukua Lugano, huyu mwingine anabaki na nani?"

Kwa kawaida pacha alibaki hapo hapo, akihisi mwili ulio mbali, hadi siku nyingine ya ugonjwa. Mwaka mzima hakuna aliyewahi kuuliza swali lile, hata Subilaga mwenyewe. Alivuta kiti hadi karibu na spika. Kila siku alimwuliza Tumpe panapouma, joto likoje, kichefuchefu kipo. Sasa ilibidi atafute maneno.

"Tumpe. Wewe mwenyewe, si Lugano. Unataka nini?"

Lugano akaacha kunywa asikilize.

"Naweza kusema kweli?" Tumpe aliuliza.

"Sema, mwanangu," Ambokile alitangulia.

"Sipendi uji wa ulezi. Lugano akiunywa naunywa na mimi, na mimi siupendi. Naomba leo asimalize."

Lugano alikitazama kikombe chake kwa mshangao, kisha akaitazama spika. Polepole, kwa masikitiko makubwa, akakiweka chini.